Karatasi ya Nurdini na Fungu la Watu wa Patsy

Uzee umeninyang'anya mengi, mwanangu, lakini ipo siku moja ulioniachia. Ilikuwa Moroni, miaka ile ya mamluki, wale Wazungu wa kukodiwa walioshika askari na barabara na uwanja wa ndege, na sisi wenye nchi tukawa ndio wa kuulizwa tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Nilikuwa msichana bado, nimechumbiwa, na siku hiyo nilitakiwa nipande ndege nije huku kisiwani kwetu, Mutsamudu, kwenye harusi ya dada yangu. Sikupanda. Nilikaa kwenye kiti cha chuma tangu asubuhi hadi alasiri kwa sababu ya karatasi moja ya fomula za kompyuta.

Najua unacheka. Jana ulipokaa hapa barazani na kompyuta yako mapajani, nilikuuliza ile mistari uliyokuwa ukiiandika ina maana gani. Ukanijibu kwa adabu ya mjukuu kwa bibi yake, "Koko, haya si ya kusomwa na watu. Kompyuta inaelewa." Nilikwenda jikoni kugeuza mkate wangu usiungue, lakini moyo ulikuwa umeshaondoka zamani, umerudi kwenye kile kiti. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa na babu yako. Nilimpenda siku alipoyasema na hadi leo nampenda, Mungu amrehemu, ila yalikuwa maneno ya kipuuzi, na wewe umeyarithi bila hata kumwona.

Babu yako Nurdini alikuwa kijana wa kisiwa cha Ngazidja, mzaliwa wa Moroni, karani katika ofisi moja iliyokuwa imeletewa kompyuta. Lilikuwa dude zito lenye kioo cheusi na herufi za kijani, na likiwashwa lilivuma hadi barabarani. Yeye ndiye aliyejifunza kutengeneza jedwali ndani yake, hili mnaloliita lahajedwali, ambalo ukibadilisha tarakimu moja, nyingine zote zinajirekebisha zenyewe. Mtaa mzima wa Magudju, nilikokuwa nikiishi kwa mjomba wangu, ulijua kwamba Nurdini anajua kompyuta, kwa sababu hakuna aliyemsalimu asiambiwe. Nilimtania sana kwa hilo. Alikuwa anaona haya, kisha anaendelea kusimulia.

Sasa mama yangu alikuwa mjane, na harusi ya dada ilikuwa karamu ya kwanza nyumbani kwetu tangu baba afariki. Wewe umezaliwa wakati watu wanakula kwa kujipakulia, hujui shughuli ilivyokuwa. Watu walikaa kwa hirimu, yaani rika na rika lake, na kila hirimu ilikuwa na fungu lake la nyama na la wali. Wengine waliongezewa fungu la heshima la kupeleka nyumbani. Mtu akikosa lililo lake, ukoo wake wote ulihesabu kwamba umetukanwa, na maneno hayo yalikaa miaka. Mama hakulala kwa kufikiria hilo. Kila ndege iliyokwenda Moroni ilileta salamu zake kwangu: wageni wameongezeka tena, hesabu imeharibika tena, huyo mchumba wako mwenye mashine hawezi kutusaidia?

Basi Nurdini akaona hapo ndipo pa kumfurahisha mkwe. Alinihoji jioni nzima mbele ya mjomba, watu wa wapi, hirimu ngapi, nani anakula nini, akaenda ofisini akatengeneza jedwali lake. Tatizo likawa moja. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mutsamudu alikuwa na kompyuta ofisini kwao, lakini ya aina nyingine, na mashine hizo mbili zilikuwa hazisomani. Ilibidi fomula ziende kwa karatasi, binamu azichape upya. Kwa hiyo babu yako aliziandika zote katika maandishi matupu, moja chini ya nyingine, bila mistari ya jedwali wala kichwa cha safu. C7*D7+SI(F7>2;G7;0). Chini yake C8*D8 na mkia kama huo, na kuendelea hadi mwisho wa karatasi. Pembeni aliweka tarakimu za watu. Hapakuwa na neno la kibinadamu hata moja. Hata harusi yenyewe haikutajwa.

Aliponipa nilimwuliza, "Hii F7 ni nani?"

Akacheka. "F7 si mtu, Zaliha. Wewe beba tu. Mashine itaelewa."

Nikaikunja, nikaitia ndani ya shiromani, nguo mpya ya kujitanda niliyomnunulia dada sokoni Volovolo. Sikufikiri zaidi ya hapo, na mwanangu, sioni kwamba nilikuwa na kosa. Mtu akikupa barua ya maneno usiyoyajua na akakwambia usijali, nawe unampenda, hujali.

Asubuhi mjomba alinisindikiza kwa teksi hadi uwanja wa ndege. Huyu ni Mjomba Mbae, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwenye sauti ndogo ambaye sijawahi kumsikia akiipandisha hata kwa watoto wa chuo. Askari walikuwa wanafungua mizigo yote. Kijana mmoja wao akakunjua shiromani, karatasi ikaanguka. Akaiokota, akaigeuza juu na chini, akaitazama tena, kisha akamwita Mzungu.

Mzungu yule alikuwa mwembamba, amechomwa na jua shingoni, na alijua maneno yetu kidogo, yale ya sokoni na ya kuamrisha. Alinipeleka kwenye chumba chenye meza na viti vya chuma. Mjomba alifuata nyuma bila kuambiwa, na alipozuiwa mlangoni alisema tu, "Huyu ni binti wa dada yangu," akaingia, akakaa. Hakuna aliyemtoa. Kuna wazee ambao hata mwenye bunduki anaona haya kuwasukuma.

Mzungu akaweka karatasi mezani. "Hii nini?"

"Ni nyama," nikasema.

"Nyama."

"Ya harusi. Na wali."

Akaweka kidole kwenye herufi. "C7 nyama?"

Sikujua kama C7 ni nyama. Huenda ilikuwa wali. Huenda ilikuwa wazee wa Mutsamudu. Nilijua kwa hakika kwamba ile karatasi haina ubaya wowote, na sikuwa na hata neno moja la kuonyesha hivyo. Mzungu alinitazama nikitafuta jibu, na kadiri nilivyotafuta ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nina kitu ninachokificha. Miaka ile kila baada ya muda kulikuwa na tetesi kwamba fulani na fulani wanapanga kuipindua serikali. Karatasi ya herufi na tarakimu, iliyofichwa ndani ya nguo, inayovushwa kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Hata mimi ningekuwa yeye ningeshuku.

Akauliza, "Nani ameandika?"

Nikasema sijui.

Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo. Lakini pale Magudju nilimjua kijana mmoja aliyeitwa kwa maswali akarudi baada ya siku nyingi, na tangu hapo hakumsalimu mtu mpaka asalimiwe yeye kwanza. Niliona kabisa sura ya Nurdini ikiwa hivyo. Niliona yule mtu wa kusimulia kwa kila anayepita, amenyamaza. Nikaapa moyoni kwamba wanaweza kuniweka pale hadi nizeeke, jina lake halitoki. Nje nikasikia ndege inaondoka. Nililia kidogo, si kwa ajili ya ndege.

Mjomba alitoka, nikadhani amekwenda kusali. Kumbe alimfuata yule dereva wa teksi, akamtuma mjini. Alipomaliza akarudi akakaa palepale, akaniambia kwa sauti yake ndogo, "Nimemwita aliyeandika. Yeye ndiye aje aisome."

Nilimkasirikia mjomba kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia amemuua. Naye akanijibu neno ambalo lilikuja kunifariji miaka mingi baadaye, ingawa saa ile halikunifariji hata kidogo. "Kijana anayetaka kuoa kwangu hatamwacha mtoto wangu kwenye chumba cha askari kwa sababu ya mwandiko wake. Na kama atamwacha, ni afadhali tujue leo."

Nurdini alikuja. Shati lilikuwa limemlowa jasho mgongoni na kiatu kimoja hakikufungwa kamba. Aliingia, akanitazama, na katikati ya hofu ile yote hakusahau kumpa mjomba kwezi, salamu ya heshima, kama kijana anavyompa mkubwa wake. Kisha akamgeukia Mzungu akasema kwa Kifaransa kizuri, "Karatasi ni yangu. Huyu hajui chochote." Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia, na sikuweza kufanya hata kimoja.

Mzungu akamsogezea karatasi. "Soma."

Basi babu yako akaanza. "C7 mara D7, jumlisha, iwapo F7 inazidi mbili, G7, vinginevyo sifuri." Akaenda mstari wa pili. Akaenda wa tatu. Mwanangu, kadiri alivyosoma ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Ilikuwa kana kwamba anathibitisha kila kitu walichokuwa wakishuku. Mzungu akauliza D9 ni nini, na Nurdini akaipekua mistari kwa kidole. Hakukumbuka kama D9 ilikuwa ya mji wa Domoni au wa Wani. Jedwali lenyewe lilikuwa ndani ya mashine, ofisini, na pale mezani palikuwa na herufi tu. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na hakuweza kusoma.

Ndipo mjomba alipovuta kiti chake karibu. Hakumkemea. Alimshika kiganja cha mkono akakiondoa juu ya mistari, akamwambia, "Baba, acha herufi. Taja watu. Hapa nani anakula?"

Nurdini akasema, "Hirimu ya wazee wa Mutsamudu."

"Iandike hivyo. Wanakula nini?"

"Kila mtu fungu lake la nyama, mara idadi yao."

"Iandike hivyo. Halafu?"

Mjomba akageuza karatasi upande mweupe, akaomba kalamu kwa Mzungu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na Nurdini akaandika upya. Nyama ya hirimu ni idadi ya watu wa hirimu, zidisha kwa fungu la mtu mmoja, ongeza fungu la heshima ikiwa hirimu hiyo inastahili. Chini yake akaeleza nani anastahili. Kisha akaandika kila hirimu kwa jina lake na kila mji kwa jina lake. Mutsamudu. Wani. Domoni. Patsy. Kila alipomaliza mstari mjomba aliniuliza kama nimeelewa, na mimi nilielewa. Nilielewa kila kitu, na nilishangaa jinsi kilivyokuwa kitu chepesi.

Yule askari kijana aliyeiokota karatasi mwanzo alikuwa amesimama nyuma ya Mzungu. Taratibu alikuwa anasogea, anasoma kwa juu ya bega. Ghafla akasema, na alisema kwa lugha yetu ya Ndzuani, kisiwa hiki chetu, si ile ya Moroni, "Mbona watu wa Patsy hamkuwapa fungu la heshima?"

Sote tukamtazama. Nurdini akamwambia fungu la heshima ni la waliokwishafanya harusi kubwa ya kimila, na hao wa Patsy waliotajwa ni vijana.

"Hayo ni ya Moroni," askari akasema. Alikuwa ameshasahau bunduki yake. "Mimi ni mtu wa Patsy. Sisi ndio tunaoshuka na kuni za karamu. Aliyeleta kuni harudi nyumbani mikono mitupu, awe kijana, awe nani. Mnataka kumtia aibu mwenye harusi?"

Nami nikajikuta nimesimama. "Ni kweli," nikasema. "Nurdini, ni kweli. Mama angekufa kwa aibu."

"Hukuniambia habari za kuni."

"Hukuniuliza. Na ungeniandikia kwa maneno ningeiona kabla sijatoka nyumbani."

Askari akaniuliza mama yangu ni nani, nikamtaja, akasema shangazi yake anamjua. Akainama mezani, akaanza kumwonyesha Nurdini kwa kidole pale pa kusahihisha, na Nurdini, Mungu amsamehe, akaanza kubishana naye kama kuni zinahesabiwa kwa mtu au kwa mzigo. Walibishana kweli, sauti juu. Mzungu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani alikuwa amekaa visiwani muda wa kutosha kujua kwamba hakuna anayebishana hivyo juu ya mapinduzi. Akakunja karatasi, akampa mjomba, si Nurdini, akasema, "Nendeni."

Nje, kwenye jua, nikakaa juu ya mzigo wangu. Nurdini alichuchumaa mbele yangu afunge ile kamba ya kiatu. Alichukua muda mrefu sana kuifunga. Aliponyanyua uso alikuwa analia, akaniambia, "Ulijua jina langu ukakaa nalo. Na mimi sikukuachia hata neno moja la kujitetea." Nilisafiri kwa ndege iliyofuata, harusi ikafana, na watu wa Patsy waliondoka kila mmoja na kifurushi chake.

Tangu tuoane, mwanangu, babu yako hakupeleka fomula ofisini asinisomee kwanza. Mimi sikusoma shule kubwa, nawe unajua. Nilikuwa nakuna nazi, yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni na karatasi yake. "Mchele unaobaki ni mchele ulioingia, toa uliotoka, toa ulioharibika." Nikielewa nilinyamaza. Nisipoelewa nilisema sielewi, naye hakunung'unika, aliinuka akaenda kuiandika upya. Wenzake ofisini walimcheka kwamba anafanya kazi na mke. Aliwaacha wacheke.

Kwa hiyo sikiliza. Kila kitu unachokihesabu kina jina lake, basi kiite kwa jina hilo. Ukiandika idadi ya wageni, andika idadi ya wageni, usiandike C7, maana C7 leo ni wageni na kesho ukiongeza mstari ni sufuria. Hesabu ikiwa ndefu, ikate, kila kipande kiwe na neno lake, hata mtu aliyechoka aweze kuifuata. Ukiweka sharti, kwamba huyu apewe na yule asipewe, andika kando kwa nini, kwa sababu hapo ndipo makosa yanapojificha, na anayejua habari za kuni hawezi kukusahihisha kwa kitu asichokiona. Usidhani kwamba kwa kuwa ni maandishi ya mashine basi hayahitaji adabu. Mashine haitakuja kukutafuta uwanja wa ndege. Ukimaliza, msomee mtu asiye wa kazi yako, na akikunja uso usimkasirikie, rudi uandike.

Na jambo lenyewe hasa, lile lililonifanya nigeuze mkate jana huku macho yangu hayaoni kwa machozi, ni hili. Unapoandika unajiona wewe na kompyuta yako tu. Lakini karatasi itatoka mikononi mwako, nawe hutakuwapo, na atakayeulizwa juu yake atakuwa mtu. Mara nyingi atakuwa mtu anayekupenda, kwa sababu hao ndio wanaokubali kubeba vitu vyetu bila kuuliza. Nilikaa kwenye kile kiti na mwandiko wa mtu niliyempenda mbele yangu, nikajua kwamba ni mwema, na nisiweze kusema kwa nini. Usimweke mtu pale. Mwachie la kusema.

Njoo nikushike kichwa. Mungu aujalie mkono wako uwazi, akuepushe na hila na kushukiwa, na riziki yako iwe ya kuelezeka mbele ya yeyote. Na siku nitakapoondoka duniani, akuachie karibu nawe mtu mmoja wa kukwambia "sielewi," nawe uwe na upole wa kukaa naye mpaka aelewe.